Vidonge vya Nyumba Mbili

Kidonge kilikuwa cha kijani, kimelainika kwa jasho, na kilikuwa ndani ya mfuko wa shati ambalo Wangwe alirudi nalo kutoka kwa mke wake mdogo. Phelesia alikikuta alipokuwa akifua. Alikiweka kwenye kiganja chenye povu, akakitazama mpaka povu likakauka. Afadhali angekuta kitambaa chenye manukato. Manukato ni ya ujana, na ujana hupita. Lakini Wangwe alikuwa na ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tatu, na kama kulikuwa na dawa ya kumponya duniani, dawa hiyo ilipaswa kutoka mikononi mwa Phelesia, mke wa kwanza, mama wa Jeff, aliyemfanya Wangwe aitwe baba.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mtu mwenyewe alikuwa amenawiri. Miezi miwili kabla alikuwa akifika kwake Rodi Kopany mdomo umekauka, anamaliza mtungi wa maji na kushinda kwenye njia ya choo. Sasa alirudi kutoka Suna, upande wa Migori kwa mke mdogo, mashavu yamejaa, anapiga mluzi akipita uani, na jana yake alikuwa amesema, bila hata kuulizwa, kwamba anajisikia mwili wa kijana. Mwili wa kijana! Ujana huo ulitengenezewa Suna, ukaletwa Rodi kuonyeshwa tu.

Wajaluo humwita mke mwenza nyieka, na neno hilo ni ndugu wa nyiego, yaani wivu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Phelesia alikuwa ameishi miaka tisa na nyieka wake kwa kushika sheria moja: mambo ya nyumba ile hayaulizwi. Mume amekula nini kule, amelala saa ngapi, amekunywa nini, ukiuliza umejishusha. Basi hakuuliza. Alikifunga kidonge kwenye pindo la leso, na siku ya mnada akaenda nacho sokoni.

*

Hakutafuta sana. Karibu na lango la mnada wa ng'ombe aliketi Bathsheba, mwanamke wa Kisii aliyehamia Suna na mumewe na kufungua kibanda huko, Msabato asiyekosa ibada. Jumanne aliuza Suna, siku ya mnada akaja Rodi, na Jumamosi hata ungemwekea kisu shingoni asingeuza sindano. Alikuwa amepanga chupa zake juu ya gunia safi. Kila chupa ilikuwa na picha ya mzee wa Kizungu anayekimbia na kaptula.

"Bwana asifiwe, mama," alisema Bathsheba. "Hii inaitwa Siha Bora. Si dawa, hii ni chakula ya mwili. Majani tu, karela ile mboga chungu na zingine, inasagwa inawekwa ndani ya kapsuli. Sukari, presha, viungo, macho, yote inasaidia."

Phelesia alifungua pindo la leso. "Ni kama hii?"

Bathsheba alikitazama kidonge, kisha akamtazama Phelesia kuanzia kilemba mpaka ndara. Mfanyabiashara mzuri husoma uso kabla ya kusoma noti. "Hii umetoa wapi?"

"Ni ya mzee yangu."

"Mzee wa ng'ombe? Mrefu, ana pengo hapa mbele?" Akacheka kidogo. "Kumbe wewe ndio mama ya Rodi! Mwenzako ni kastoma yangu. Yule msichana anamtunza mzee, mimi nasema ukweli ya Mungu. Kila mwezi lazima achukue chupa."

Msichana. Rispa, huyo mke mdogo, alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu, lakini neno lilitua pale pale lilipotumwa.

"Anampa ngapi?" Phelesia aliuliza. Kwa miaka tisa hakumwuliza mumewe swali hilo, na sasa alilimwaga kwa mtu baki, katikati ya soko.

"Moja asubuhi, moja jioni."

"Na mtu akitaka mbili asubuhi, mbili jioni?"

"Majani inadhuru nani, mama? Sukuma wiki ukikula sahani mbili utakufa?"

"Na ile ya hospitali anameza pamoja?"

"Ya hospitali ndiyo inajaza mwili uchafu. Hii inasafisha."

Chupa moja iliuzwa shilingi mia nne. Phelesia alirudi nyumbani, akamfungua mbuzi aliyekuwa amemtenga kwa ada ya shule ya mtoto wa mwisho, akarudi naye mnadani kabla jua halijageuka. Alinunua chupa mbili, na njiani alitembea kwa madaha ambayo jirani zake hawakuyaelewa.

*

Wangwe alipoziona mezani, alitahayari kama mtu aliyefumaniwa.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwani ni Rispa peke yake anayejua njia ya duka?"

"Sijasema hivyo, mama Jeff."

"Basi meza."

Akameza. Wangwe alikuwa mtu mwema na mwoga, na wema wa mtu mwoga huwagharimu wenzake. Ugonjwa ulipogunduliwa, Phelesia ndiye aliyempeleka kliniki moja ya Homa Bay, akapewa kadi na vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi. Rispa aliposikia alilia siku mbili kwamba yeye haonekani kuwa mke. Ili kumnyamazisha, Wangwe alikubali kupelekwa na kliniki ya Migori. Huko hakutaja kadi ya kwanza. Akapewa kadi ya pili na vidonge vya kazi ile ile, ila vya rangi ya waridi. Kadi ya Homa Bay ikakaa sandukuni kwa Phelesia, ya Migori ikakaa kabatini kwa Rispa, na kila mke akajua moyoni kwamba yeye ndiye mtunza uhai wa Wangwe.

Siku za kukaa hakukuwa na neno. Shida ilikuwa siku za safari, maana biashara yake ilikuwa kununua ng'ombe Rodi na kuwauza Migori, na mara mbili kwa wiki alilala huku akashinda kule. Alfajiri alimezeshwa upande mmoja. Saa nne alikuta mke wa upande wa pili amesimama na kikombe cha maji. Kusema "nimeshameza" kulikuwa sawa na kusema "mwenzako amekuwahi," na Wangwe hakuwa na kifua cha kusema hivyo. Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Huyu alizishika zote mbili, na kilichoanza kumponyoka kilikuwa yeye mwenyewe.

*

Rispa alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani mwa nyumba ya kupanga Suna, na wateja waliketi kwenye benchi wakingoja sketi zao. Mchana mmoja wiki tatu baadaye, Wangwe alishuka kutoka Rodi, akaja akaketi katikati yao bila salamu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Mikono ilitetemeka.

"Baba Sheila, una nini?" Rispa alimwuliza. Sheila alikuwa binti yao wa kwanza. "Umechoka?"

Wangwe alimtazama muda mrefu. "Phelesia," alisema, "niletee maji."

Mteja mmoja aliinamia mkoba wake. Mwingine hakujisumbua kuficha, akacheka kabisa.

"Mimi ni nani?" Rispa alisema.

"Phelesia, usinisumbue. Nataka kwenda nyumbani."

"Si uko nyumbani?"

"Nyumbani kwangu," alisema Wangwe, na mtu mzima yule akaanza kulia. Muuza ndizi alipita na karai kichwani. Wangwe akainuka, akachukua ndizi mbivu tatu bila kuuliza bei, akazila kwa pupa moja baada ya nyingine. Baada ya kitambo jasho lilikauka. Alishangaa kuona watu wamemzunguka, akawauliza kulikoni.

Rispa alilipa zile ndizi. Moyoni hakuwaza sukari. Angewazaje sukari wakati kila alipofumba macho alisikia jina lile? Alikuwa amempikia mume huyu, amemzalia, amempunguzia chumvi na mafuta, kumbe ndani ya kichwa chake nyumbani ni kwa yule mama mnene wa Rodi! Aliamini bila shaka yoyote kwamba Phelesia amekwenda kwa mganga na kumfunga mume ulimi. Jumanne alikuwa wa kwanza kibandani kwa Bathsheba.

"Niuzie ile yenye nguvu zaidi."

"Nguvu ni ile ile, dada, unaongeza tu," alisema Bathsheba. Kisha, akipangusa chupa: "Mwenzako wa Rodi alichukua mbili kwa mpigo."

"Mwenzangu? Hii hii?"

"Mimi sisemi sana. Naogopa kusengenya."

Rispa alichukua tatu. Tangu siku hiyo Wangwe alimeza tatu asubuhi na tatu jioni akiwa Suna, na mbili asubuhi na mbili jioni akiwa Rodi, na vile vya hospitali juu yake. Alipoona giza machoni alisema ni uchovu wa barabara.

*

Siku ya mnada mkubwa alitoka Suna kabla ya chai. Rispa alimmezesha mlangoni, cha waridi na vitatu vya kijani, akamfungia mkate ambao aliusahau kwenye gari. Saa nne alipitia kwa Phelesia.

"Ugali utakuwa tayari sasa hivi," Phelesia alisema. "Shika hizi kwanza." Alimpa kidonge cheupe na vile viwili vya kijani.

"Nitakula nikirudi. Kuna fahali mweusi, nikichelewa watu wa Rongo watamchukua."

Hakurudi. Alikuwa akimpima fahali kwa macho, mkono juu ya nundu, magoti yalipolegea. Watu walidhani amepigwa teke. Alianguka kwenye samadi, meno yamekaza, mwili unatikisika, na fimbo yake ikakanyagwa na ng'ombe. Mtu alisema ni kifafa. Mwingine alisema ni sukari imepanda, asipewe kitu chochote kitamu, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa zaidi, ndiye aliyesikilizwa. Mzee mmoja aliyekuwa amefungua soda ampe, akainywa mwenyewe.

Walimpakia kwenye pikapu ya mbuzi hadi Homa Bay. Phelesia aliketi nyuma amemwekea kichwa mapajani. Ochido, kaka mkubwa wa Wangwe, alikaa mbele na dereva.

Hospitali waliyompeleka haikuwa ile kliniki ya kadi. Waliyemkuta zamuni aliitwa Omanga, mtabibu kijana kutoka Kisii, na kwa sababu hakujua Kijaluo cha kutosha, aliwauliza kwa Kiswahili.

"Mama, huyu mzee sukari haijapanda. Imeshuka. Imebaki kidogo sana. Amekunywa nini leo?"

"Kidonge ya kliniki."

"Ngapi?"

"Moja."

"Alikula?"

"Alikuwa anaenda kula."

"Kuna dawa ingine? Ya kienyeji, ya dukani, ya mtu wa kuombea?"

Ochido alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono amekunja. Phelesia alijiona akisema, na papo hapo akamwona Rispa kesho yake akiingia wodini na kuambiwa na kila mgonjwa kwamba mke mkubwa ndiye aliyemwangusha mzee. Angeweza kuvumilia mengi, ila si furaha ya Rispa.

"Hakuna," alisema.

Omanga alimtia maji ya glukosi mshipani. Haikupita nusu saa Wangwe alifumbua macho na kuuliza ni nani aliyemnunua fahali mweusi. Wodi nzima ilicheka. Phelesia alilia kwa shukrani, na ndani ya shukrani hiyo kulikuwa na hesabu ndogo: amefumbua macho, uso wa kwanza kuuona ni wangu.

*

Rispa alifika kesho yake saa tano, akiwa amepelekewa habari na dereva wa Migori. Alivaa gauni lililopigwa pasi na kubeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Nasikia aliangukia kwako," alisema baada ya salamu.

"Aliangukia mnadani."

"Akitokea kwako."

"Akitokea kwako alfajiri, bila hata chai. Kwangu alipita tu."

Muuguzi aliwaambia wapunguze sauti. Wakaketi, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule, na Wangwe katikati akajifanya amelala.

Saa sita Phelesia alitoka kunawa. Aliporudi mlangoni alimwona Rispa ameinama, amempa mgongo muuguzi, anamtia mumewe kitu kinywani na kumnywesha maji. Alikiona kimoja kabla hakijaingia. Rangi ile aliijua.

Mdomo alikuwa nao. Muuguzi alikuwa hatua tano tu. Lakini kilichompanda kifuani Phelesia hakikuwa hofu, kilikuwa wivu mtupu: mtu huyu ataamka kesho mzima, na Suna nzima itaimba kwamba Rispa ndiye aliyekwenda kumwinua. Alingoja. Rispa alipokwenda bombani kuosha sufuria, Phelesia naye aliketi pale pale palipokuwa bado na joto, akatoa chupa yake kifuani.

"Nimeshakunywa, mama Jeff," Wangwe alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo tangu awe na wake wawili.

"Umekunywa za nani?"

Wangwe alitazama dari. Kisha akafungua mdomo.

*

Saa kumi jasho lilianza tena. Saa kumi na nusu alikuwa hamjui mtu, na kisha akapoteza fahamu kabisa. Omanga aliongeza dripu, akangoja sukari ipande, ikapanda, ikaanguka tena. Aliwaita wake wote wawili na Ochido kwenye chumba kidogo cha sindano, akafunga mlango.

"Nilikuwa nataka kutoa dripu leo jioni, kesho aende nyumbani," alisema. "Mtu ambaye amemeza kidonge moja angekuwa sawa saa hizi. Kuna kitu bado iko ndani ya mwili inavuta sukari chini. Kama sijui ni nini na ni ngapi, nitatoa dripu mapema, atalala, na hataamka. Sitafuti mkosaji. Nataka kujua alikunywa nini."

Nje mtu alikuwa akivuta ndoo sakafuni.

Phelesia alitia mkono kifuani akatoa chupa. Aliiweka mezani, mzee wa Kizungu akiwaelekea.

Omanga alisoma maandishi madogo. "Karela. Mama, hii inashusha sukari. Mtu ambaye si mgonjwa anaweza kuvumilia. Mtu ambaye anameza ile ya hospitali ni kama anameza tena juu yake."

"Mwenye kuuza alisema ni majani tu."

"Hata kwinini ya malaria ilitoka kwa ganda ya mti. Ulimpa ngapi?"

"Mbili asubuhi, mbili jioni. Na mbili leo mchana."

"Hapa?" Ochido alisema. "Kitandani? Phelesia, ulitaka kummaliza ndugu yangu?"

Omanga alimnyooshea mkono anyamaze. Alikuwa akiandika, kisha akaacha. "Bado haitoshi. Hii haiwezi kumshusha namna hii. Hakuna ingine?"

Phelesia alimgeukia Rispa. Rispa alikuwa akirekebisha kilemba, macho sakafuni.

"Mimi natoka mbali," Rispa alisema. "Mambo ya Rodi siyajui."

"Na yeye amem—" Phelesia alianza.

"Nyamaza!" Ochido alipiga meza. "Sasa unataka kumbebesha mwenzako? Wivu hata juu ya mtu anayekufa?"

Hapo Phelesia aliona ukuta aliojengewa. Angeapa kwa Biblia, angelia mpaka kesho, neno la mke juu ya mke mwenzake lisingeitwa kitu kingine ila wivu. Na ubaya ni kwamba hawakukosea sana. Miaka yote tisa, alipomsema Rispa, ulikuwa wivu. Leo tu ndiyo ulikuwa ukweli, na ulifika umechelewa.

*

Phelesia alimfuata Rispa nyuma ya wodi, mahali shuka za hospitali zilipoanikwa. Rispa alikuwa ameegemea ukuta, mkoba amekumbatia. Phelesia alitazama kama kuna mtu. Kisha mama yule mwenye wajukuu wanne, ambaye kwa desturi ndiye aliyestahili kupigiwa magoti, alipiga magoti kwenye changarawe mbele ya mke mdogo.

"Simama!" Rispa alishtuka. "Watu watasema nini?"

"Nilikuona saa sita. Iko ndani ya mkoba huo."

Rispa alizidi kuukumbatia mkoba.

"Nipe chupa. Na vidonge vya kliniki yako, najua unavyo, anavyomeza alfajiri. Niambie ni ngapi. Nitasema ni vyangu vyote."

"Kwa nini ufanye hivyo?"

"Kwa sababu wewe hutasema."

Rispa aliziba uso kwa mkono. "Watanifukuza, mama Jeff. Wewe una mtoto mwalimu huko Magunga, una boma, hata mahali pa kaburi lako pameshajulikana. Mimi nina cherehani na chumba cha kupanga. Akifa na jina langu likawa juu yake, wanangu nitawapeleka wapi?" Alivuta kamasi. "Mimi sikutaka kumdhuru. Nilidhani umemroga. Alikuwa ananiita kwa jina lako."

Phelesia alinyanyua kichwa. "Alikuita Phelesia?"

"Mbele ya wateja. Akasema anataka kwenda nyumbani kwake."

Ni aibu kuliandika, lakini lilitokea: mume anakufa ndani, changarawe inamchoma magoti, na moyo wa Phelesia ukaruka kwa furaha. Akautuliza haraka, lakini ulikuwa umeruka, na Rispa aliuona ukiruka. Wakatazamana, kila mmoja akimjua mwenzake mpaka uvunguni.

"Ngapi?" Phelesia aliuliza tena.

"Tatu asubuhi, tatu jioni. Leo mchana tatu. Na jana alfajiri cha waridi kimoja."

"Na kwangu alimeza cheupe," Phelesia alisema polepole. "Saa nne."

Rispa alifungua mkoba.

Omanga alipokea vyote kutoka mkononi mwa Phelesia. Aligeuza bahasha ya vidonge vya waridi, akasoma jina la kliniki ya Migori juu yake. "Hii pia ni yako?"

"Ni yangu."

"Na wewe unakaa Rodi."

"Ndiyo."

Kijana hakuwa mjinga. Alitazama nje dirishani, akamwona mwenye kilemba akijipangusa macho kwa shuka ya hospitali, akarudisha macho kwenye karatasi. "Niambie tena namba, moja moja," alisema. Akaandika. Kisha akaenda mbio wodini, na dripu ile haikutolewa jioni hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa.

*

Siku ya tano Wangwe aliketi kitandani, amenyolewa ndevu, anakunywa chai yenye sukari kwa amri ya hospitali. Omanga alikuwa ameagiza kadi zote mbili ziletwe kutoka nyumbani, akamnyang'anya, akampa moja, na kumkanya Phelesia mbele ya watu juu ya majani ya chupa. Phelesia alikanywa, akaitikia.

Ochido alingoja mtabibu atoke. "Ndugu yangu," alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya kikao bila mwenyewe. "Tumezungumza nyumbani. Utakwenda Suna, Rispa akutunze. Kwa huyu hutakula tena. Kuku atakayechinja Phelesia, ale na wanawe. Mtu aliyekutilia vile vitu mpaka hapa hospitalini, hatujui angekutilia nini kesho."

Rispa alikuwa akikunja blanketi. Mikono yake ilisimama, ikaendelea.

Phelesia hakumtazama Ochido. Alimtazama Wangwe. Mtu huyu alijua. Alizimeza za nyumba zote mbili kwa koo lake, alibeba kadi mbili kwa miguu yake, alifungua mdomo mara mbili mchana ule mmoja. Hakuhitaji kusema mengi. Angesema tu "Si yeye peke yake," maneno manne, na boma lote lingesikia kwa sababu ni mwanamume na ndiye aliyekuwa afe.

Wangwe alizungusha kikombe mkononi. Alimtazama kaka yake, akamtazama Rispa aliyempa kisogo, akapitisha macho juu ya Phelesia upesi bila kuyaacha yatue. Suna kulikuwa na chumba kimoja, kimya, na mke ambaye sasa asingethubutu kumnunia.

"Viatu vyangu viko wapi?" aliuliza.

Phelesia aliinama. Alivitoa chini ya kitanda, vile vya ngozi ambavyo Wangwe alianguka navyo mnadani, na ambavyo yeye mwenyewe alivifuta samadi usiku wa kwanza. Wangwe akanyoosha mguu wenye ganzi ya sukari, kama alivyokuwa akimnyooshea siku zote.

Hakumvalisha. Alizunguka kitanda, akaviweka mikononi mwa Rispa.

"Mvalishe wewe," alisema. "Ila mtazame nyayo kwanza. Huyu hata akichomwa na mwiba, hasikii."